Alama Tisini na Saba

Mama Blandina ndiye aliyenipokea duniani, katika zahanati ileile ambayo miaka ishirini na sita baadaye tulifanya kazi pamoja, kando ya mashamba ya kahawa ya Oldeani. Mikono yake ilinigusa kabla ya mikono ya mama yangu. Kwa hiyo siku aliponiita nyuma ya jengo, akanipa kipande cha karatasi chenye nywila yake, sikumkatalia.

Mwaka ule wauguzi tuliambiwa kwamba leseni haihuishwi bila pointi za masomo. Kulikuwa na mradi mpya uliounganisha wilaya yetu na Ngorongoro, nao ulileta kozi ya mtandaoni: teknolojia katika huduma ya mama na mtoto, moduli kumi na mbili, mtihani mwishoni. Ukifaulu unapata cheti na pointi zote za mwaka. Mama Blandina alikuwa amebakiza miaka minne astaafu. Bila leseni, miaka thelathini na mbili ya kuzalisha wanawake wa milima hii ingeishia mlangoni, akirudishwa nyumbani kama kibarua.

"Clemensi, mwanangu, kitu hiki kinanitukana," alisema, akinionyesha kishikwambi alichopewa.

"Kinakutukana vipi, Mama?"

"Nikibonyeza hapa, nimekosea. Nikibonyeza pale, nimekosea. Hata mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na saa za kupumzika."

Nilicheka, nikapokea karatasi. Huku kwetu kijana hamwachi mtu mzima abebe kikapu njiani akimwangalia, na kozi ile ilikuwa kikapu. Katika zahanati nyingi vijana waliwafanyia wakubwa wao. Hakuna aliyeliita jambo hilo udanganyifu. Tuliliita kusaidiana.

Mtandao ulishika vizuri juu kidogo ya zahanati, kwenye vichanja vya kukaushia kahawa. Kila siku saa tisa alasiri, foleni ya wagonjwa ikiisha, nilipanda huko na vishikwambi viwili. Laurencia, muuguzi mwenzetu, alikuwa akinisubiri mlangoni nirudi.

"Leo wewe ni Clemensi au ni Blandina?"

"Leo nilikuwa Blandina."

"Basi shikamoo. Na kesho uvae sketi, usije ukatuaibisha."

Nilifanya mtihani wangu kwanza, kwa haraka, nikapata alama themanini na moja. Zilitosha. Kisha nikaingia kwa jina la Mama Blandina, na hapo ndipo pepo wa kiburi aliponipanda. Maswali nilikwisha kuyaona. Nilijua wapi nilikosea. Ningeweza kumpatia alama sitini, akapata cheti, akakaa kimya katika zahanati yake mpaka astaafu. Lakini mimi sijawahi kufanya kitu kwa nusu, na nilijiambia kuwa jina lile halistahili alama sitini. Nilikaa juu ya gunia siku tatu nikisoma. Nikampatia tisini na saba.

Swali la saba nalikumbuka mpaka leo. Lilihusu mashine ndogo ya ultrasaundi, ile inayochomekwa kwenye kishikwambi ili umwone mtoto tumboni. Ina kipimio cha kushika mkononi, na pembeni mwa kipimio kuna kidoti. Swali: unapompima mama kwa urefu wa tumbo, kidoti kielekezwe wapi? Nikachagua: upande wa kichwa cha mama. Maelezo yalisema ukikigeuza, picha nayo inageuka, na mtoto aliyekaa kwa matako utamwona kama aliyetanguliza kichwa. Nikapewa alama ya vema ya kijani.

Mama Blandina alipoona cheti alikibusu, akakitundika ofisini karibu na picha ya Bikira Maria. Wiki tatu baadaye ikaja barua.

Mradi ulikuwa na mashine nne za ultrasaundi za kupeleka sehemu za mbali, na waliochaguliwa kuzishika walikuwa wauguzi wanne waliofanya vizuri kuliko wote. Wa kwanza katika wilaya zote mbili: Blandina. Ataazimwa miezi sita, aende zahanati moja ya bondeni, upande wa Olbalbal, ambako mjamzito anatembea nusu siku nyuma ya ng'ombe kabla hajaliona bati la kwanza.

Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Ulinipa ngapi?" aliuliza.

"Tisini na saba."

"Na wewe ulipata ngapi?"

"Themanini na moja."

Aliikunja barua. "Mtoto wewe, nani alikuagiza tisini na saba?"

Nilisema niende kwa mratibu wa mradi nikaeleze. Akanishika mkono. Alisema nikieleza, yeye anapoteza leseni na mimi ninaipoteza ya kwangu kabla haijakauka wino. Angekwenda. Miezi sita si maisha. Mashine angeijulia hukohuko, kwani nani alizaliwa anaijua.

Tulikuwa na siku nne. Mashine yenyewe ilikuwa bado Karatu mjini, kwa hiyo nilikata kipande cha sabuni ya mche kiwe kipimio, nikakichorea kidoti kwa kalamu, na Laurencia akalala kitandani awe mgonjwa.

"Mnione vizuri," alisema Laurencia. "Humo ndani kuna ugali na maharage, msije mkaniandikia pacha."

Siku ya kwanza nilimwonyesha Mama Blandina kidoti, naye akapitisha sabuni tumboni sawasawa. Siku ya pili mikono yake ilikuwa na maji, wino ukafutika. Niliona umefutika. Sikuuchora tena. Tulikuwa kwenye namna ya kutuma picha kwa daktari, na hilo ndilo lililokuwa likimshinda, akilaani na kucheka na kuanza upya, na mimi nikaona kidoti ni jambo dogo. Kidoti kilikuwa kichwani mwangu. Nilisahau kwamba hakikuwa kichwani mwake.

Akaondoka Jumatatu na gari la mradi, na mfuko wake, na cheti chake. Mratibu aliagiza cheti kitundikwe kule, wagonjwa wakione.

Miezi miwili ya kwanza alikuwa akinipigia simu kila Jumapili. Kulikuwa na kilima nyuma ya zahanati ambako mtandao ulifika ukiamua. Alisema vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Alisema wanawake wa kule wanakuja kumi kwa mara moja kuangalia kioo, wanacheka, wanapenda kuona mtoto akipiga teke. Alisema amepata rafiki, mkunga wa jadi anayeitwa Nanyokie, mama mzee mwenye mikono kama yake. Kwamba wanapeana habari za matumbo, huyu kwa Kimaasai, yule kwa Kiswahili, na wanaelewana.

"Na mashine, Mama?"

"Inaniheshimu. Na mimi naiheshimu."

Nilifurahi. Namwambia kila mtu ukweli huu: nilifurahi, na nilijiona mwalimu.

Simu iliyofuata haikuja Jumapili. Ilikuja Alhamisi adhuhuri, nikiwa nachoma watoto chanjo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Clemensi. Kile kidoti. Kinaelekea wapi?"

Nikamwambia.

Nilisikia upepo wa kilima.

"Basi," alisema. "Nilikuwa nakielekeza miguuni."

Alinisimulia polepole, kama anayejaza fomu. Nanyokie alimleta mke wa mwanawe, Naishorua, mimba ya kwanza, wiki ya thelathini na saba. Nanyokie alikwisha kumpapasa, akasema kichwa kiko juu. Mama Blandina naye akaweka mikono, akakisikia kile kitu kigumu cha mviringo chini ya mbavu, akajua. Mtoto amekaa kwa matako, na mimba ni ya kwanza. Wa namna hiyo anapewa rufaa mapema, anakaa karibu na hospitali mpaka siku yake. Kisha akawasha mashine ili ahakikishe. Kioo kikamwonyesha kichwa chini.

"Nikatazama kioo. Nikatazama kile cheti ukutani," alisema. "Nikawaza, mimi ndiye wa kwanza katika wilaya mbili. Itakuwa mikono imezeeka. Nikamwambia Naishorua arudi nyumbani, asubiri hukuhuku bondeni."

Uchungu ulimshika siku kumi baadaye. Alifika zahanati akitembea, saa mbili asubuhi, na saa nne ikatoka miguu. Ilitoka miguu, kiwiliwili, mikono, kisha kichwa kikakwama. Gari la wagonjwa liliitwa, lakini kutoka bonde lile mpaka lipande ukingo wa kreta na kushuka Karatu ni zaidi ya saa mbili, na mtoto aliyekwama kichwa hana hata dakika kumi. Mama Blandina alifanya yote ambayo mikono yake ilijua. Kichwa kilitoka. Mtoto hakulia. Alikuwa wa kiume, mzito, mwenye nywele nyingi.

"Naishorua yu hai," alisema.

"Na Nanyokie?"

"Nanyokie ameniuliza swali moja. Amesema, mikono yako na mikono yangu ilisema kitu kimoja. Kwa nini uliuliza kioo?"

Simu ilikatika. Sijui kama ni mtandao.

Kamati iliundwa. Ilikaa miezi miwili baadaye, Karatu, katika chumba cha mikutano cha mradi. Walikuwa watatu: Bwana Sitonik, ambaye ndiye mratibu; Daktari Lilian, bingwa wa magonjwa ya wanawake aliyekuwa akipokea picha kutoka bondeni; na karani wa kuandika. Kazi yao ilikuwa kuamua kama Mama Blandina apendekezwe kufutiwa leseni. Mimi niliitwa kama mtu aliyefanya kazi naye. Nanyokie alikuja na shuka lake la bluu, akakaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, fimbo mapajani. Nilipopita mbele yake niliinamisha kichwa, kama nilivyoona vijana wa kwao wakifanya, ili mkubwa akuguse utosini. Hakunigusa. Nikabaki nimeinama muda mrefu kuliko inavyofaa, kisha nikaenda kukaa.

Bwana Sitonik alisoma karatasi. Alisema kama muuguzi angekuwa hajafundishwa, lawama ingekuwa ya mradi, na mradi ungeibeba. Lakini muuguzi huyu alifundishwa, alipimwa, na swali lenyewe, swali la saba, alilijibu sawasawa. Ushahidi upo, na tarehe, na saa. Mtu anayejua na asitende, huo si ujinga. Ni uzembe.

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Zile alama hazikumpeleka bondeni tu. Zilimfungia mlango wa kutokea.

Nikasimama. Sikusubiri kuitwa.

"Hakulijibu yeye," nilisema. "Nililijibu mimi. Kozi yote niliifanya mimi, kwa jina lake, kwenye vichanja vya kahawa, saa tisa alasiri, siku kumi na tano. Mama huyu hajawahi kufungua hata moduli moja. Mkimfuta yeye, mnamfuta asiye na kosa. Nifuteni mimi."

Karani aliacha kuandika. Daktari Lilian alinitazama, kisha akamgeukia Mama Blandina.

"Sista, ni kweli?"

Mama Blandina alikuwa amevaa sare yake nyeupe, amepiga pasi mpaka kola imesimama. Hakunitazama.

"Huyu nilimzalisha mimi," alisema. "Alitoka na kitovu shingoni, amekuwa bluu kama shuka la yule mama pale. Tangu hapo anadhani ana deni kwangu. Msimsikilize. Kozi nilifanya mwenyewe."

"Mama," nilisema.

"Kaa chini, Clemensi."

Daktari Lilian hakuwa mtu wa kuaminishwa kwa maneno. Alivuta kishikwambi, akafungua mtihani. "Kijana anasema hukufungua hata moduli moja. Basi nikuulize. Kidoti kwenye kipimio, unapompima mama kwa urefu?"

"Kichwani kwa mama."

"Kwa upana wa tumbo?"

"Kulia kwake."

"Ukiona picha ina giza sehemu za ndani, unafanya nini?"

"Naongeza jeli, nagandamiza kidogo, kisha naongeza mwanga wa picha kwa kile kitufe cha upande. Nikishindwa namtumia daktari bila kusema chochote kwa mgonjwa."

Akamuuliza maswali kumi na moja. Yote aliyajibu, polepole, mikono ikiwa juu ya mapaja, kama mtoto mbele ya katekista. Mengine aliyajibu vizuri kuliko ambavyo mimi ningeyajibu. Niliona uso wa Daktari Lilian ukibadilika, kutoka shaka kwenda kwenye huzuni. Alikuwa ametafuta mlango wa kumtoa, na kila jibu lilikuwa tofali.

Bwana Sitonik akanigeukia. "Kijana, upendo mzuri. Uongo mbaya. Usirudie."

Nanyokie alipoulizwa alisema kwa Kiswahili chake, "Mtoto sisi nazika. Huyu mama nalia na sisi. Mimi nasema hiyo tu." Wakaandika.

Nilimkuta Mama Blandina nje, kwenye ngazi, akivua beji ya jina lake na kuifunga kwenye leso.

"Ulijifunza lini?" niliuliza. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni hasira kwa nani.

"Tangu Alhamisi ile. Kila siku juu ya kilima. Moduli kumi na mbili, kutoka mwanzo." Akatabasamu kidogo. "Mtihani nikaurudia. Nimepata tisini na nane. Nimekupita kwa moja."

"Kwa nini umekana? Ningekutoa."

"Ungenitoa wapi? Mtoto wa Naishorua yuko chini ya mawe. Cheti kiwe cha kwangu, kiwe cha kwako, mikono iliyompeleka nyumbani ni hii." Akainyoosha mbele yangu, ile mikono. "Nilimsikia kichwa chini ya mbavu, Clemensi. Nilimsikia. Hilo hukunifanyia wewe."

"Na mimi nifanye nini?"

"Kazi. Wa bondeni hawana muuguzi sasa."

Alishuka ngazi, akaenda kutafuta gari la Oldeani. Nilitaka kumbebea mfuko wake. Aliukumbatia mwenyewe.

Leseni yake ilifutwa kabla ya mwezi kwisha. Siku hizi anapalilia kahawa ya jirani yake, na wajawazito wakipita njiani wanamsalimia kwa jina la zamani, Sista, naye anaitika bila kuinua kichwa. Laurencia amenieleza hayo. Mimi mwenyewe sijawahi kwenda, kwa maana wiki mbili baada ya kamati nilipelekwa bondeni kushika nafasi yake. Waliokuwa juu yangu kwenye orodha walikataa. Mimi sikukataa.

Zahanati niliikuta imefagiliwa. Ukutani palikuwa na mraba mweupe mahali cheti kilipokuwa. Mashine alikuwa ameiacha ndani ya kabati, imezungushiwa kitenge chake. Nilipokifungua nikaona kwamba pembeni mwa kipimio, palepale kwenye kidoti, amefunga uzi mwekundu wa kutungia shanga, mafundo matatu, umekazwa hata ukucha haupiti chini yake.

"Uzi ni yangu," alisema mtu mlangoni. "Yeye naomba."

Alikuwa Nanyokie. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana, tumbo kubwa. Alisema ni binti yake, Seenoi, mimba ya kwanza, na kwamba amemleta kwa sababu hakuna mahali pengine pa kumleta. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja umbali wa maji.

Nilimlaza Seenoi kitandani. Nikawasha kishikwambi ili nimwandikishe, kioo kikawaka, na juu kabisa kikaandika: Karibu tena, Blandina.

Vidole vyangu vilijua njia. Siku kumi na tano niliingia kwa jina lile bila kusita. Ningeweza kuendelea vivyohivyo, na picha zote zingekwenda kwa daktari zikiwa na jina la mwanamke anayepalilia kahawa. Nikatafuta sehemu ya kutokea, nikabonyeza. Nikaandika jina langu, na nywila yangu, ambayo sikuwahi kuitumia tangu nilipomaliza mtihani wangu ule wa haraka. Kioo kilifikiri. Kisha kikaonyesha jina langu, na chini yake alama zangu: themanini na moja.

Nanyokie alikuwa anatazama juu ya bega langu.

"Wewe naandika nini?"

"Jina langu, yeyoo," nilisema, nikimwita mama kwa Kimaasai.

Aliangalia kile kioo, akaangalia uzi wake mwekundu, kisha akasukuma kishikwambi kando kwa ncha ya fimbo, taratibu, mpaka kikafika ukingoni mwa meza.

"Haya," alisema. "Sasa mikono."

Nikainama, nikaiweka mikono yangu juu ya tumbo la binti yake. Ilikuwa ya baridi, na Seenoi akajikunja.